Ua wa miti hujengwa kuanzia chini: mwongozo kwa wenye viwanja Tanga

Nyua nyingi za miti hapa Tanga zina kasoro moja. Juu zimesongamana, kijani chake kinapendeza. Chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa magoti, ni vigogo vitupu. Kuku wa jirani anapita, mbuzi anapita, na mtoto anayefuata mpira wake anapita pia. Mwenye nyumba huanza kuziba kwa bati chakavu na vipande vya chandarua, akichoka anaita fundi wa matofali. Mara nyingi kosa haliko kwenye udongo wala kwenye aina ya mti. Ua ule haukukatwa ulipokuwa mdogo.

Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye mwaka wa kwanza, kwa sababu huko ndiko ua unakotengenezwa au kuharibika. Mambo mengine tutayapitia kwa kadiri yanavyostahili.

Hatua ya 1: Amua ua una kazi gani, kila upande

Chukua karatasi, chora kiwanja: nyumba, geti, karo, bomba la maji linapopita, minazi iliyopo, bikoni zilipo. Kisha andika pembeni mwa kila upande kazi unayotaka ua uifanye. Pande nne za kiwanja kimoja hazihitaji ua wa namna moja, na hapo ndipo wengi wanapojitia gharama bure.

Mbele ya nyumba, penye baraza, ua mrefu haufai. Mtu aliyekaa barazani anataka kumwona anayepita, amwitikie salamu, amwone mgeni kabla hajabisha hodi. Ua wa mita moja, au mita moja na robo kwa waliojenga msingi mrefu, unatosha. Unaonyesha mpaka bila kukufungia ndani. Uani ni habari nyingine. Huko watu wanafua, wanapika, wanasukana nywele, na hakuna anayetaka macho ya barabarani. Huko panda ua wa mita 1.8 hadi 2.

Usisahau nyua ndogo za ndani ya kiwanja. Tangi la maji lililokaa juu ya mnara hulifichi, lakini miguu ya mnara unaweza kuificha. Vivyo hivyo choo cha nje, jalala na kamba za kuanikia nguo. Ua mfupi wa nusu mita kando ya njia ya kuelekea mlangoni unawafanya wageni wapite njiani badala ya kukata kona juu ya nyasi. Na ukiwa na maua ya rangi kali, yapandie nyuma yake ua wa kijani kilichokoza wenye majani madogo; rangi zitaonekana. Maua yaleyale mbele ya ukuta uliochorwachorwa hupotea.

Getini, teremsha ua hadi usawa wa magoti, kama sentimita 60 hadi 75, kwa urefu wa mita mbili au tatu kila upande. Mji wetu ni wa baiskeli. Bodaboda utaisikia inakuja, lakini baiskeli haina mlio, na dereva anayetoka getini kinyumenyume katikati ya nyua mbili ndefu hamwoni mtu hadi amemfikia.

Jambo la upepo linastahili maneno zaidi. Kwetu kusi huvuma takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi huchukua zamu kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Aliyejenga karibu na bahari, Raskazoni au Sahare, anajua upepo wenye chumvi unavyounguza majani ya mgomba na mpapai. Ukuta wa matofali haumsaidii anavyodhani: upepo unauruka, kisha unadondoka upande wa pili kwa kizunguzungu na kuangusha mimea palepale. Ua wa miti unapitisha karibu nusu ya upepo na kuupunguzia nguvu, na nafuu yake hufika mbali, kwa makadirio mara kumi ya urefu wa ua. Ua wa mita mbili basi unaipunguzia upepo bustani ya mboga kwa mita zisizopungua kumi na tano, hata ishirini.

Lakini upepo huohuo ndio unaotuokoa na joto la Februari. Mbele ya madirisha ua usivuke kizingiti cha dirisha, tena uwe mbali na ukuta angalau mita moja. Ua mnene uliobanana na ukuta unazuia hewa, unahifadhi unyevunyevu, na mbu wanapata pa kushinda mchana.

Hatua ya 2: Chagua mti kwa kazi hiyo

Kosa la kitaluni ni kuchagua kwa macho. Duranta ya majani ya njano imekuwa kama sare ya taifa: hotelini ipo, ofisini ipo, kituo cha mafuta ipo. Si mti mbaya. Inakatika vizuri, inafaa kwa ua mfupi wa njiani, na huota haraka. Ila inataka maji, na inataka mkasi karibu kila wiki tatu wakati wa mvua. Mtu asiye na mtunza bustani asiizungushie kiwanja kizima. Vitunda vyake vya njano pia vina sumu, kwa hiyo penye watoto wadogo ikatwe kabla haijazaa.

Ningeulizwa mti mmoja tu kwa mji wa pwani, ningetaja mhina. Unavumilia ukame, hausumbuliwi sana na chumvi, unakubali kukatwa, na ukikomaa matawi yake huwa na ncha kali za kutosha kumkatisha tamaa mwizi wa kuku. Maua yake ni madogo, meupe yanayoelekea manjano, na usiku harufu yake hufika chumbani. Kisha kuna faida ambayo ua mwingine hauna: kila ukikata, majani unayaanika kivulini, unayatwanga, unayachekecha, na hina ya harusi imepatikana nyumbani. Akina mama wa Ngamiani hawahitaji kufundishwa hili. Ubaya wake ni kwamba katika kiangazi kikali hupukutisha baadhi ya majani, kwa hiyo kwa faragha kamili uani panda mistari miwili.

Mchongoma ndio ua wa ulinzi. Una miiba ya kweli, ni mti wa kwetu, na matunda yake mekundu yanayoiva hadi rangi ya zambarau watoto huyapenda. Unakua taratibu, na hilo ndilo linalowakimbiza watu, lakini ukishafunga haupitiki. Angalizo moja: vitaluni na mitaani wengi huita kila ua wa miiba michongoma, kwa hiyo usinunue kwa simu. Nenda ukautazame mche wenyewe, uone miiba yake. Ndugu yake kwa kazi ni mtandamboo, wenye miiba, maua meupe ya kunukia na vitunda vyeusi vinavyolika.

Bogenvilia inaweza kuwa ua, ila ujue tabia zake. Ukichungulia ndani ya lile linaloitwa ua lake utakuta majani matatu ya rangi, na katikati yamesimama maua yenyewe, vijimirija vyeupe vidogo sana. Rangi hizo huja baada ya kiu. Ukimwagilia kila siku utapata majani na miiba mirefu tu. Inataka jua la kutwa nzima, na kwa kuwa hulegea na kutambaa, inataka seng'enge au fito za kuegemea miaka miwili ya mwanzo. Kwenye barabara nyembamba usiipande. Fimbo zake hutoka nje kwa wiki chache na kuwachana wapita njia.

Minyaa hailiwi na mbuzi, haina haja ya maji, na tawi lolote ulilochomeka linaota. Tatizo ni utomvu wake. Tone moja likiingia jichoni ni maumivu makali, na linaweza kudhuru macho. Anayekata minyaa avae miwani, mikono mirefu na glavu, akate akiwa upande upepo unakotoka, na watoto wawe mbali. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa kisha nenda hospitali, usisubiri kesho. Mimi ningeipanda shambani, mpakani mwa malisho. Kwenye nyumba yenye watoto sioni sababu, maadamu mihina ipo.

Mbono nao uko hivyohivyo: vipandikizi vyake vinaota bila shida na mbuzi hawaugusi, lakini mbegu zake zina sumu na watoto huzidhania karanga.

Mkonge, je? Tanga bila mkonge si Tanga. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, vitoto vikitokea Florida, na 62 tu vilivyofika hai vilitosha kuanzisha mashamba yote tuliyoyaona baadaye. Ni mmea usiojua kukataa. Kama ua wa shamba huko Pongwe au Muheza, mistari miwili ya kupishana, mita moja kutoka shina hadi shina, humzuia ng'ombe bila senti ya maji. Kata ncha za majani kwa mkasi upande wanaopita watu, maana zile sindano ziko usawa wa macho ya mtoto. Na ujue kwamba mkonge hutoa maua mara moja tu maishani. Ukiona mlingoti umechomoza katikati ya ua, shina hilo linakaribia kufa. Acha vitoto vilivyoota pembeni mwake viwili au vitatu, ndivyo vitakavyoziba pengo.

Pembeni kabisa mwa bahari, mvinje unavumilia chumvi kuliko karibu kila kitu tulichokitaja. Ukikatwa tangu mchanga huwa ua mzuri wa mita mbili au tatu. Usiukate hadi kwenye mti mkavu usio na majani. Hapo hauchipui vizuri.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa ndani wafikirie grilisidia. Vigingi vyake vya mita mbili, vikichomekwa mvua ikianza, huota na kuwa nguzo hai za kushikilia seng'enge, na majani yake ni malisho. Lusina hufanya kazi hiyohiyo, lakini isipokatwa kabla ya kukomaza maganda hutapakaza mbegu kiwanja kizima na cha jirani.

Hapo nizungumzie lantana, maana bado kuna watu wanaigawa miche yake kwa wema. Ni nzuri, ina maua ya rangi mbilimbili, haifi. Ndege hula vitunda na kupanda mbegu kila wanapotua, na mifugo ikila majani inaugua. Kule Amani, kwenye Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe ya dunia. Baadhi haikubaki bustanini. Mmojawapo, msizi, umeingia ndani ya msitu wa asili na hadi leo ni kazi kuuzuia. Kiwanja chako ni kidogo, lakini ndege ni walewale.

Kwa ua mfupi karibu na baraza, panda asumini. Hauzuii mtu wala kuku, lakini jioni za Ijumaa utajua kwa nini ulipanda, na wenye kutunga vikuba watakuja kukuomba.

Hatua ya 3: Otesha miche mapema

Miche ya kununua kwa kiwanja kizima ni fedha nyingi, na mihina, bogenvilia na duranta zote huota kwa vipandikizi. Kata Januari au Februari ili iwe tayari kwa masika. Chagua tawi lililokomaa nusu: si lile laini la kijani, si gogo kavu. Unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini mshazari, juu kwa mkato ulionyooka, ili usichanganye kichwa na miguu. Ondoa majani ya chini, chomeka theluthi mbili ndani ya kiriba, kifuko cha kuoteshea miche, chenye udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Weka chini ya kibanda cha makuti. Maji kidogo kila siku, yasituame.

Vipandikizi vya minyaa, kwa wanaotaka, viache vikae kivulini siku chache hadi jeraha likauke, ndipo uvichomeke. Mchongoma huoteshwa kwa mbegu na unataka subira. Anza msimu mmoja kabla.

Otesha miche zaidi ya unayohitaji, kumi katika kila mia. Pengo la mche mmoja uliokufa likizibwa na mche wa umri uleule halionekani. Likizibwa mwaka unaofuata na mche mchanga, majirani wawili wakubwa wanaunyima jua na maji.

Hatua ya 4: Mpaka na hesabu

Kabla ya jembe, mwite jirani. Onyeshaneni bikoni, na kama kuna utata mwiteni mwenyekiti wa mtaa mapema, kabla miche haijapandwa. Kung'oa ua wa miaka mitatu ni ugomvi wa kurithishana. Panda ndani ya mpaka wako kwa sentimita 60 angalau. Ua hunenepa pande zote mbili, na unahitaji pa kusimama unapoukata. Bikoni iache wazi, usiizungushie matawi. Upande wa barabara uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi kabla ya kupanda. Kaa mbali na karo na mabomba mita mbili au zaidi.

Hesabu ni rahisi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzingo wa mita 100. Toa geti la mita 4, zinabaki 96. Mstari mmoja, mche kila sentimita 40, ni miche 240. Mistari miwili ya kupishana, sentimita 50 kati ya mche na mche na sentimita 40 kati ya mstari na mstari, ni miche 384. Kwa mbele ya nyumba mstari mmoja unatosha. Uani na upande wa ulinzi panda miwili.

Hatua ya 5: Chimba mtaro

Wengi huchimba vijishimo. Mtaro ni bora, kwa sababu mizizi ya miche yote inapata udongo uliolainishwa bila kukatizwa. Piga kamba ya katani kati ya vigingi, kaza hadi ilie, kisha chimba upana wa sentimita 45 na kina hichohicho. Kwa mistari miwili upana uwe sentimita 80. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto.

Raskazoni utakutana na mwamba wa matumbawe kabla hujafika kina hicho. Hapo ni mtaimbo na sururu, na pale mwamba unapogoma, inua tuta la udongo juu yake. Mwamba huo una chokaa, na chokaa huwasumbua hibiskasi na iksora: majani yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki ya kijani. Ukiona hivyo kwenye bustani za majirani, usipande mimea hiyo. Mihina haitajali. Ngamiani na sehemu za mchanga shida ni maji kukimbia, dawa yake ni samadi na mboji kwa wingi, toroli moja kwa kila mita tatu za mtaro. Kiwanja kilichojazwa kifusi kisafishwe kwanza. Mabaki ya saruji na plasta hayaoteshi kitu.

Rudisha udongo wa juu kwanza, ukiwa umechanganywa na samadi, kisha wa chini. Fanya kazi hii wiki mbili tatu kabla ya mvua, udongo utulie.

Hatua ya 6: Panda masika

Usipande kwa mvua ya kwanza. Ile ya kupoza vumbi hudanganya. Subiri hadi ukichimba kwa kidole udongo umelowa shibiri nzima, na hilo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Machi au Aprili. Vuli pia inawezekana, lakini baada yake huja kiangazi cha Januari na Februari, na utamwagilia sana.

Chana kiriba, usikivue kwa kuvuta mche. Panda usawa uleule ulioota, shindilia kwa mguu, mwagilia hata kama kuna mawingu. Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu pande zote, ila yasiguse shina, kwa sababu mchwa hupita humo. Mvua zikikatika, lita mbili au tatu kwa kila mche, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi miwili.

Na mbuzi. Mbuzi wa mjini Tanga hawana mwenyewe hadi siku ya kulipwa fidia. Zungushia nyavu chakavu za uvuvi kwa msimu mzima wa kwanza. Wavuvi huuza kwa bei ya kutupa, na zinapitisha jua na mvua.

Hatua ya 7: Kata, na usione huruma

Miche imeshika, imefika sentimita 30 au 40, inaleta majani mapya. Sasa ikate nusu. Yote, kwa usawa mmoja, sentimita 15 au 20 kutoka ardhini.

Najua mkono unasita. Umemwagilia, umefukuza mbuzi, na mke au mume anakuuliza kama umerogwa. Lakini tazama kinachotokea. Mche usiokatwa unapeleka nguvu zote kwenye kichomozo cha juu, na machipukizi ya pembeni yanalala. Ukiondoa kichomozo, kufika wiki ya pili au ya tatu utaona chini ya jeraha, penye kila kovu la jani, vidoti vya kijani vimevimba. Vitatu, vinne, wakati mwingine sita. Kila kimoja ni tawi. Tawi lililotoka sentimita 10 kutoka ardhini ndilo litakalomzuia kuku, na ukilikosa mwaka wa kwanza, hulipati tena kirahisi.

Matawi hayo yakirefuka kama shibiri moja, kata tena, ukiacha nusu ya ukuaji mpya. Endelea hivyo. Ua uruhusiwe kupanda sentimita 15 hadi 20 tu kila unapokata, hata kama wenyewe unataka kukimbia. Pembeni nako kata tangu mwanzo, usingoje ufike urefu wake. Ua wa mita 1.5 uliotunzwa hivi utachukua miaka miwili, mitatu kwa mchongoma. Wa jirani aliyeacha miche ikue itakavyo utafikia kimo mapema kuliko wako, na utakuwa na miguu mitupu.

Umbo nalo lina sababu. Chini pawe papana kuliko juu. Kwa ua wa mita 1.5, chini sentimita 90 na juu 60. Ukifanya kinyume, juu panapanuka na kutia kivuli matawi ya chini, nayo yanakauka moja moja. Fundi wa slesha anayekata kwa kukadiria karibu kila mara huacha juu papana, kwa sababu mkono wake unafika juu kwa urahisi. Mpe kigezo: funga fito mbili kwa mshazari unaotaka, aziegemeze kwenye ua na kufuata. Kwa usawa wa juu, vuta kamba kati ya vigingi viwili. Macho hudanganyika sana penye mteremko.

Tumia mkasi wa bustani ulionolewa. Panga butu linapasua ncha na kuacha majani yenye kingo za kahawia, na ua uliokatwa Jumamosi unaonekana mgonjwa Jumatano. Ua wa miiba ukikatwa, fagia siku hiyohiyo, kwa reki kisha kwa ufagio. Mwiba wa mchongoma mkavu unapita kwenye kandambili na kwenye tairi la baiskeli bila kuomba ruhusa.

Ua ukishafika kimo, mkato mkubwa ufanywe mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa masika, na mwanzoni mwa vuli. Januari acha. Majani ya ndani yaliyozoea kivuli, ukiyafunua kwenye jua la kaskazi, huungua. Bogenvilia kata mara tu maua yanapoisha, maana hutoa maua kwenye matawi mapya. Kabla ya kukata chungulia kama kuna viota vyenye mayai, na uvipe wiki chache.

Wadudu, na wageni wengine

Hibiskasi hupata vidung'ata, wale weupe wenye ungaunga wanaojikunja kwenye ncha changa. Kata ncha hizo, zichome, kisha nyunyiza maji ya sabuni ya kufulia iliyozimuliwa, jioni. Ukimwona chungu anapanda na kushuka kwenye ua, mfuate, atakupeleka kwa vidung'ata au vidukari, maana hula utamu wao.

Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, ni suala jingine. Utaona majani yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe, na ukigusa utajuta. Hawa ndio wanaowafukuza wadudu wanaoangusha vidaka vya minazi, kwa hiyo mwenye minazi asiwapulizie sumu. Kata ua sehemu yao alfajiri, kukiwa na ubaridi wakiwa wazito, au uache tawi lenye kiota hadi mwisho.

Watu huogopa kwamba ua unaleta nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na mahindi yaliyomwagika. Fagia chini ya ua, usirundike matofali na magogo hapo, na acha nafasi ya mita moja iliyo wazi upande wa nyumba. Bustani ya mboga nayo ikae mita moja kutoka kwenye ua. Mara moja kwa mwaka pitisha jembe kwa kina katikati, ukate mizizi inayokwenda kuiba samadi ya mchicha.

Kama tayari una ua mzee wenye miguu mitupu

Mhina, duranta, bogenvilia na hibiskasi zinaweza kuanzishwa upya. Mvua za masika zikishashika, kata upande mmoja wa ua, wa ndani tuseme, hadi karibu na shina kuu, na uache upande wa nje ulivyo. Weka samadi, tandaza makumbi. Mwaka unaofuata, upande wa ndani ukiwa umechipua, kata wa nje. Ukiharakisha na kukata zote mbili pamoja, baadhi ya mashina hufa, na kwa mwaka mzima unakaa uani mwako mbele ya mtaa mzima.

Penye pengo kubwa, chukua tawi refu la shina la jirani lililo karibu na ardhi, lilaze chini, kwangua gome kidogo kwa upande wa chini, lifukie sehemu hiyo na ulikandamize kwa jiwe, ncha ikiwa imechomoza. Litatoa mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama, na ndiyo maana linashinda mche mpya ambao ungepigania maji na mizizi mizee. Vuli ikianza, lifukue kidogo ukague. Mizizi ikiwepo, likate kwa mama, kisha likate nusu kama mche mwingine wowote. Hadi lifike kimo, ziba pengo kwa matawi ya miiba uliyokata upande wa pili.